Neema ya RTD au Neema ya Ukumbini?

Wadau, juzi nimemaliza bando lote YouTube nalinganisha "Neema" ya Sikinde. Ile ya RTD kila mtu anaijua: sauti safi, tarumbeta zimekaa, hakuna anayekosea. Halafu kuna zile za ukumbini, watu wamerekodi kwa simu, besi inapasuka, mlevi anapiga kelele pembeni.

Jamani, mimi niko na za simu. Ya redioni inaisha utamu ndio kwanza umekolea. Ukumbini wakiona watu hawajakaa, wanaongeza: solo anarudia, rizimu anamshikilia, tarumbeta zinaingia upya, na leo haifanani na jana. Aliyeuimba mwanzo alishaokoka, akahamia injili, kwa hiyo anayeimba ni mwingine na anauvuta kivyake. Wazee wa Temeke watanirushia mawe, poa tu.

Kinachoniuma ni kwamba wanaorekodi wanazima simu mashairi yakiisha! Chemko lenyewe hatulipati. Hata Msondo, bendi ya tangu 1964 ilipoitwa NUTA Jazz, ni hivyohivyo. Una klipu ndefu? Iweke hapo chini kabla simu haijaibiwa.