Ubatizo Haurudiwi

Wakristo wa Burundi tunapenda sana kuuimba umoja. Siku ya sikukuu ya taifa askofu na mapasta huketi safu moja, kila mmoja hupewa dakika zake za kuomba, kamera hupiga picha. Kesho yake kila mtu yuko kwake, akiwafundisha waumini wake kwamba jirani hajaokoka. Huo sio umoja ninaoutetea. Mimi nataka kuzungumzia maji.

Kwetu Magara, na pwani yote hadi Rumonge, makanisa yanayobatiza watu wazima hushuka ziwani. Nyimbo ni nzuri, watu hufurahi, sina neno na hilo. Lakini tazama wanaozamishwa ni akina nani. Wamo waliokwisha kubatizwa utotoni kwa jina la Utatu. Shangazi yangu ni mmoja wao. Alipoolewa, kanisa la mumewe, ambalo sitalitaja, lilimwambia kwamba hadi siku ile alikuwa mpagani aliyeloweshwa maji. Mtu aliyesali rozari tangu ajue kusema! Akaingia ziwani, kwa kuwa ndoa ilikuwa karibu.

Nasema kitendo kile kinabomoa msingi. Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso hakuwaagiza waunde umoja. Aliwasihi wautunze ule walio nao, na ubatizo mmoja akauhesabu pamoja na Bwana mmoja na imani moja. Anayembatiza Mkristo mara ya pili anamwambia kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa bure, na kwamba mama yake aliyempeleka kanisani alidanganyika.

Mwenzangu mmoja darasani hunijibu kwamba umoja bila mafundisho mamoja ni unafiki: tukubaliane kwanza, ndipo tushikane mikono. Hoja hii husikika safi sana. Basi tuulize mafundisho hayo yalitufikiaje. Katika miaka ya 1930 jumuiya za wamisionari wa Kiprotestanti ziligawana nchi ili zisigongane. Waanglikana walikuwa Matana na Buhiga, Marafiki wakashika Kibimba, Wamethodisti Huru Muyebe, na Wapentekoste kutoka Uswidi wakaanzia Kiremba. Wakatoliki walikuwa wamekwisha kutangulia sehemu nyingi. Babu yako akizaliwa karibu na Matana, wewe leo ni Mwanglikana na unatetea Uanglikana kwa jasho. Angezaliwa Kibimba ungekuwa Rafiki, na jasho lingekuwa lilelile. Sisemi kwamba imani ya mtu ni ya bandia kwa sababu aliirithi. Nasema tu kwamba ramani ya wageni haistahili kutumika kama mpaka wa wokovu.

Tena, kukubaliana mafundisho kumetusaidia nini? Katika vita vilivyoanza Oktoba 1993, Mkatoliki alimwua Mkatoliki aliyesoma naye katekisimu, na Mprotestanti alimkimbia Mprotestanti waliyeimba naye kwaya moja. Kisha tazama Buta, katika uliokuwa mkoa wa Bururi, si mbali na kwetu. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia katika seminari ndogo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Walikataa. Vijana 40 waliuawa. Wote walikuwa wanafunzi wa Kikatoliki, najua, na mtu atasema mfano huu hauhusu madhehebu. Unahusu. Vijana wale walijiona ndugu kabla ya kuulizwa, na undugu huo hawakuupata kwa kushindana hoja, waliupokea. Lau wangengoja wakubaliane kwanza juu ya kila jambo, wangetengana.

Hoja ngumu ni nyingine, nami naiheshimu: mtoto mchanga hawezi kuamini, kwa hiyo, wanasema, ule haukuwa ubatizo. Makanisa yameijadili tangu karne ya 16 na sitaimaliza mimi. Lakini anayeona kwamba imani ya yule mtoto imekuja baadaye anaweza kumtaka aitangaze mbele ya watu, bila kuyaita maji ya kwanza uchafu. Ujerumani, katika kanisa kuu la Magdeburg, tarehe 29 Aprili 2007, makanisa 11 yalitia saini kwamba yanatambua ubatizo wa kila mmoja: Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, Wamethodisti na wengine. Wabaptisti hawakutia saini, kwa sababu hiyohiyo ya watoto. Hawakulazimishwa, na mazungumzo hayakuishia pale.

Wala sisi Wakatoliki tusijipake mafuta. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kumbatiza tena, hata kwa masharti, mtu aliyebatizwa katika jumuiya nyingine, isipokuwa kuna sababu nzito ya kutilia shaka. Hata hivyo kuna Wakatoliki wanaowaita Wapentekoste watu wa kelele, na wasioingia nyumba ya msiba ikiwa anayeongoza maombi ni pasta.

Kwa hiyo ninachodai kwa maparoko na mapasta wa pwani yetu ni kidogo. Mtu akija na cheti cha ubatizo wa Utatu, kipokelewe. Akitaka kuikiri imani yake ziwani, aikiri kwa kinywa, kanisa lote likisikia, pasta amwekee mikono na kwaya iimbe. Na Mpentekoste akihamia kwetu, paroko aandike jina lake katika daftari la parokia bila kugusa maji.