Ngoma Isinyooshwe Hadi Ikafa

Katika mtaa wa Batsinda, hapa Kigali, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki, chumba kimoja chenye kompyuta na maikrofoni siku hizi chatosha kuitwa studio. Hilo ni jambo la kupongezwa. Kijana ambaye zamani angalisubiri miaka hata aalikwe redioni, leo hurekodi wimbo wake nyumbani. Lakini pamoja na neema hiyo umeingia mtindo ambao hatuna budi kuusema waziwazi: kunyoosha midundo yote ya ngoma kwa kubonyeza mara moja tu.

Msomaji asiyeijua kazi hiyo na aelewe hivi. Programu ya muziki huligawa kila pigo la msingi katika sehemu zilizo sawa, aghalabu nne. Fundi akitoa amri, kila mdundo uliowahi au uliochelewa huvutwa hadi kwenye mstari ulio karibu nao. Mashine ya ngoma iitwayo LM-1, aliyoibuni Mmarekani Roger Linn ikatoka mwaka 1980, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufanya hivyo. Tangu hapo kazi imekuwa rahisi mno, na urahisi huo ndio unaotuponza.

Tupige hesabu. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, kila pigo huchukua milisekunde 500, na mistari minne hupangwa kila baada ya 125. Mpiga ngoma akiligawa pigo hilo kwa tatu, midundo yake huangukia 0, 167 na 333. Kompyuta huivuta hadi 0, 125 na 375. Mwendo uliokuwa ukizunguka kwa utulivu sasa wachechemea, na mashine haioni kosa lolote.

Je, hiyo ndiyo ngoma tuliyorithi? Katika ngoma za Rwanda, ishakwe, iliyo ndogo na yenye sauti ya juu, hushika mwendo, na ngoma kubwa huitikia. Wanawake wa Ingoma Nshya, kundi lililoanzishwa Butare mwaka 2004 na Odile Gakire Katese, walivunja mwiko wa kale uliowazuia wanawake kupiga ngoma. Mikono iliyopiganiwa hivyo yastahili kusikika. Aidha, mwaka 2024 UNESCO iliingiza Intore katika orodha ya urithi wa binadamu. Itakuwa ajabu dunia iuhifadhi urithi ambao sisi wenyewe twaufuta vyumbani mwetu.

Wako watakaosema kwamba wachezaji wa dansi hutaka mdundo ulionyooka. Ni kweli, na mpigaji aliyekosea asahihishwe. Hatusemi kompyuta zitupwe. Programu hizo hizo humruhusu fundi kuuvuta mdundo nusu ya njia tu, kuchagua mgawanyo wa tatu badala ya nne, au kusogeza mdundo mmoja mmoja kwa mkono. Kinachotakiwa ni sikio litangulie, amri ifuate.

Basi vijana wa Batsinda na wawaite wapiga ngoma wazee vyumbani mwao, wasikilize kabla ya kubonyeza. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje ikiwa wa kwao hawautambui tena mdundo wake?