Nani Kawaambia Kuku wa Kienyeji Haumwi?

Kwenye mkutano wa kijiji, huku kwetu Madaba, bwana mifugo alikuwa anaeleza habari za chanjo ya kideri. Hakufika mbali. Mzee mmoja ninayemheshimu kwa mambo mengi alisimama, akamnyooshea fimbo na kusema: "Kijana, dawa hizo wapelekee wenye kuku wa kizungu, wale weupe wa mabandani. Kuku wa kienyeji ni mgumu. Haumwi. Tangu enzi za babu zetu anajitafutia mwenyewe na hatukuwahi kumchanja." Watu wakapiga makofi. Bwana mifugo akakunja karatasi zake, ajenda ikahamia kwenye mbolea.

Maneno ya mzee nimeyasikia tangu utotoni, nimeyazoea. Makofi ndiyo yamenichoma. Kila aliyepiga makofi pale amewahi kufukia kuku. Kila mmoja. Hakuna kaya kutoka Wino hadi Gumbiro ambayo haijaamka asubuhi ya kiangazi ikakuta mitetea imejikunyata kando ya mafiga, mabawa yameburura chini, macho yamefumba, kinyesi cha kijani kimetapakaa sakafuni. Kesho yake pora moja linapinda shingo na kuzunguka mahali pamoja kama limelewa. Keshokutwa jogoo haliwiki. Wiki haijaisha, mama wa nyumba anatafuta jembe. Halafu watu hao hao wanakaa mkutanoni na kupigia makofi sentensi inayosema kuku wa kienyeji haumwi!

Ninaomba tuelewane hapa, kwa sababu hapa ndipo ulipo uongo wenyewe. Ugumu wa kuku wa kienyeji tumeupata kwa kuhesabu waliobaki tu. Kideri kinaingia kwenye uwanja wenye kuku thelathini, kinaondoka na ishirini na sita. Wanabaki wanne. Mwaka unaofuata wale wanne wameshaatamia, wameangua, uwanja umejaa tena, na mwenye nyumba anawaonyesha wageni kwa fahari: hawa ni wa kienyeji, hawafi. Wale ishirini na sita wako wapi kwenye hesabu yake? Hawamo. Walishafukiwa nyuma ya choo, na aliyefukiwa hawezi kusimama mkutanoni kutoa ushahidi. Hesabuni mizoga kwanza, ndipo mje mniambie habari za ugumu.

Wanasema babu zetu hawakuchanja. Ni kweli. Babu zetu pia hawakuwachanja watoto wao surua, na kila ukoo huku kwetu una makaburi madogo ya enzi hizo. Leo hakuna mama wa Mahanje wala wa Lituta anayeacha kumpeleka mtoto kliniki kwa hoja kwamba bibi yake hakupelekwa. Kwa kuku tu ndiyo tunageuka ghafla kuwa walinzi wa mila.

Na kuna hoja ya kijinga kuliko zote, ambayo nimeisikia kwa masikio yangu ikitolewa na mtu mzima mwenye wajukuu: kwamba chanjo inaharibu ladha ya mchuzi. Chanjo yenyewe ni tone moja, linaloangushwa kwenye jicho la kuku aliye hai. Kuku huyo ataendelea kuchakura jalalani, kula kumbikumbi, kumeza mchanga na kudonoa makombo ya ugali kwa miezi. Siku akichinjwa, tone lile litakuwa limesafirije kutoka jichoni hadi kwenye chungu? Mtu huyo huyo hununua chipsi kuku Songea mjini na kuramba vidole, na hajawahi kumuuliza muuzaji kuku yule alichanjwa mara ngapi.

Ninalotaka watu wa Madaba walijue ni kwamba chanjo waliyoikataa ilitengenezwa kwa ajili ya kuku wao. Si ya wale weupe. Kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo, wataalamu wanakiita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulioripoti mlipuko mwaka 1926. Kwa miaka mingi chanjo zake zilitaka jokofu kutoka kiwandani hadi bandani, kwa hiyo ziliwafaa wafugaji wakubwa wa mjini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Profesa Peter Spradbrow, wakatafuta kirusi kipole kinachostahimili joto, ili chanjo iweze kufika vijijini, kwa kuku wanaolala jikoni na kushinda vichakani. Ndiyo hiyo chanjo inayoitwa I-2. Leo inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kichupa ambacho hakijafunguliwa unaweza kukifunga kwenye kitambaa kilicholoweshwa, ukakitia kwenye kikapu, ukapanda nacho bodaboda mpaka Matetereka, na kikafika kizima. Tone moja kila baada ya miezi mitatu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kushika kuku na mama yake akadondosha.

Wataalamu walikaa miaka wakimfikiria kuku wa bibi yako kijijini. Bibi yako amewajibu kwamba kuku wake haumwi.

Gharama nayo isiwe kisingizio. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo huko Simiyu, na kuku wakapangiwa kuchanjwa bila malipo. Hata nje ya kampeni, kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, na hapo ndipo majirani wanatakiwa kuchanga. Kuchanga! Huku Madaba! Ardhi hii ina Matetereka, kijiji kilichokuwa ndani ya umoja wa vijiji vya ujamaa vya Ruvuma, ambao wakulima wenyewe waliuanzisha kabla ya kulazimishwa na mtu, hadi TANU ilipouvunja mwaka 1969. Wazee wetu walilima pamoja na kula pamoja bila kusubiri afisa yeyote. Wajukuu wao wameshindwa kuchangia kichupa cha chanjo kwa nyumba kumi.

Turudi kwenye mbolea, maana ndiyo iliyomeza ajenda ya kuku siku ile. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku imekuja, na wanaume wa Madaba wameijua yote: namba ya usajili, mfuko wa kupandia, mfuko wa kukuzia, wakala yupi ana mzigo. Ukimuuliza mwanamume magunia yake ya mahindi anakutajia hadi debe. Muulize kuku wake wangapi walikufa mwaka jana. Atakwambia, "Muulize mama." Sababu ya makofi yale ni hiyo. Mahindi ni ya baba. Kuku ni wa mama. Chumvi ya nyumbani inatoka kwa kuku. Daftari, sare, mafuta ya taa, nauli ya kwenda kumwona mgonjwa hospitali Peramiho, vyote vinatoka kwenye mtetea uliouzwa barabarani. Kideri kikipita, anayefilisika ni mama, na mama mara nyingi hapewi nafasi ya kusema mkutanoni. Kama kideri kingekuwa kinaua mahindi, tungekuwa tumeshaandamana hadi kwa mkuu wa mkoa.

Na msiniambie ni hasara ya fedha tu. Mimi nimelelewa na kuku na nafuga kuku. Pale nyumbani kila mmoja ana jina na tabia yake. Kuna koo lenye kishingo ambalo haliatamii popote isipokuwa chini ya kitanda cha mama yangu, na mama amekubali kulala na harufu ile siku zote ishirini na moja hadi vifaranga viangue. Kuna jogoo la kuchi lenye miguu mirefu, linalowasindikiza watoto mpaka njia panda wakienda shule na kurudi peke yake. Jioni kibaridi cha huku kikianza kung'ata, wanaingia jikoni mmoja mmoja kwa cheo chao, na ole wake tetea mdogo atakayepanda kwenye kichanja kabla ya wakubwa. Mwewe akipita juu, koo analia mlio mmoja na vifaranga vyote vinatoweka chini ya mabawa. Ukiishi na viumbe hawa unawajua. Kumwita "mgumu" mnyama anayekutegemea hivi, ili upate kisingizio cha kutomhudumia, ni ukatili. Neno jingine sina.

Ugonjwa ukiingia ndipo tunakurupuka. Tunatwanga pilipili, tunachemsha shubiri mwitu, tunakoroga majivu. Asiyeamini pilipili anakimbilia dukani kununua vidonge vya tetrasaiklini, vile vya binadamu, anavifungua na kumimina unga kwenye maji ya kuku. Kideri ni kirusi. Antibiotiki haiui kirusi, hata umimine debe. Unachofanya ni kuwazoesha bakteria wengine dawa ile, kisha siku mwanao akiugua kweli, dawa haimsaidii. Wenye maduka wanajua hivyo na bado wanauza, na hakuna anayewauliza. Kideri hakina tiba. Kina kinga tu, na kinga hiyo inataka kama wiki mbili kushika, kwa hiyo atakayeikumbuka siku kuku wa jirani wameanza kufa amechelewa.

Wengine wanalaumu upepo. Kipupwe kikivuma Juni na Julai wanasema umekuja upepo wa kideri, ni msimu wake, utapita. Upepo umeonewa sana huku kwetu. Angalieni kinachotokea miezi hiyo. Mahindi yamevunwa, mfukoni pana kitu, harusi zinaanza, kipaimara na komunio ya kwanza zinafuatana kila Jumapili. Kuku wanabebwa kwapani kwenda kupongeza na kutoa mahari. Wachuuzi wanapita na bodaboda, matenga yamejaa kuku wa vijiji vitano waliochanganywa. Huyu wa Mkongotema amemkoholea yule wa Mtyangimbole njia nzima. Ukimnunua, unamfungulia uwanjani kwako jioni ile ile, alale kichanja kimoja na wako. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na walijua walichokuwa wanasema: mgeni afungwe pembeni kwanza, atazamwe. Sisi tumebaki kuitumia methali ile kwa wakwe.

Na linalonitia hasira kuliko yote ni hili. Kuku akianza kusinzia, mwenye naye anafanya haraka kumpeleka sokoni kabla hajafa. Anajua. Anamuuzia jirani yake kifo, anarudi na hela. Asiyewahi soko anachinja, anakula, manyoya na utumbo anatupa jalalani, mbwa wanavisambaza mtaa mzima. Kisha wote tunakutana kanisani na kusikitika kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei. Sikubali methali hii itumiwe tena mbele yangu kuhusu kideri. Kuku wa maskini anataga, anaangua na analea vizuri sana. Anauawa na ugonjwa unaozuilika kwa tone, na anauawa kwa sababu maskini ameshawishiwa kwamba kufa kwa mali yake ni sehemu ya umaskini.

Kuna vikundi vya akina mama vilivyochukua mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa ajili ya miradi ya kuku. Kideri kikipita kwenye mradi kama huo, deni linabaki pale pale na kuku hawapo. Sijui ni nani anayepitisha andiko la mradi wa kuku lisilo na mstari wa chanjo, lakini lingekuja mezani kwangu lingerudi siku hiyo hiyo.

Halmashauri yetu ya Madaba ipo tangu 2015, imetimiza umri wa kutosha kuwa na kalenda ya chanjo ya kuku inayobandikwa kila ofisi ya kijiji. Mei, kabla ya kipupwe. Kisha Agosti, Novemba, Februari. Kila kitongoji kichague akina mama wawili wafundishwe kudondosha, walipwe kidogo na wenye kuku. Kazi ifanyike alfajiri kuku wakiwa bado jikoni, siku moja kitongoji kizima, kwa sababu nyumba moja ikiachwa bila chanjo ugonjwa una pa kuingilia. Atakayekutwa anauza kuku mgonjwa atozwe faini na serikali ya kijiji, kama anayelisha ng'ombe kwenye shamba la mwenzake. Na bwana mifugo apewe pikipiki yenye mafuta, na kwenye mkutano ujao aitwe azungumze kabla ya mbolea, watu wakiwa bado wamekaa.