Adui Si Kisanduku cha Zamani

Nataka kusema neno juu ya jambo linalotia fitina katika vijiji vyetu vya Singida, nalo ni mabanda ya gemu. Wazee wengi wa kanisa, na walimu wenzangu si wachache, wameondoka kuyapiga vita. Wasema visanduku vile vya zamani vivunjwe na televisheni zake zenye chogo zitupwe jalalani, ndipo watoto watakaporudi shuleni na kwenye kwaya. Mimi naona ya kuwa wanalinda mlango usio wenyewe. Mwizi ameingia kwa mlango mwingine, nasi ndio tuliomfungulia.

Kwa ajili ya msomaji asiyepata kuingia bandani, yafaa nieleze kwanza kitu chenyewe. Banda ni chumba kimoja, pengine cha tofali, pengine cha mabati. Ndani yake mna televisheni mbili au tatu za chogo, na chini ya kila moja kisanduku cheusi kiitwacho PlayStation 2, chenye pedi mbili za kushika mkononi, nazo zimefungwa kwa waya. Mtoto hutoa sarafu, huketi bencini na mwenzake, nao hucheza mpira juu ya kioo. Aliyefungwa huondoka, na mwingine huketi mahali pake. Basi, ni hayo tu.

Kisanduku hicho kilitolewa na kampuni ya Sony huko Japani tarehe 4 Machi, 2000. Vikauzwa zaidi ya milioni 150 ulimwenguni, kisha mwanzoni mwa mwaka wa 2013 kampuni ikatangaza kwamba haitengenezi tena. Kabla yake kilikuwapo kingine cha kampuni ya Nintendo, cha mwaka wa 1983, kilichochezwa kwa kaseti, na maigizo yake mengi yasiyo na jina yalifika katika miji yetu. Kwetu mambo haya yalichelewa. Katika mwaka wa 1974 serikali ilikataza kompyuta na televisheni kuingizwa nchini. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973, lakini huku bara tulingoja hata 1994. Ndiyo sababu michezo iliyokwisha kuwa mikongwe Japani ilikuwa ingali mipya kwetu, na hata leo kisanduku kilichoachwa na wenyewe chazidi kuchezwa hapa.

Sasa tuyatazame mashtaka, moja moja.

Shtaka la kwanza lasema: Hivi ni takataka za Wazungu na Wajapani, walivyovitupa wao, twaokota sisi. Wenye kusema hivi hawajui kwamba wenyewe wanajuta kwa vile walivyovitupa. Huko Mountain View, katika California, iko nyumba ya makumbusho ya kompyuta. Mna mashine moja kubwa kama kabati, PDP-1, ya namna ile ile ambayo vijana wa chuo cha MIT waliitungia mchezo wa vita vya merikebu za angani katika mwaka wa 1962. Wazee wenye ujuzi waliifufua mashine hiyo kwa kazi ya miaka, na wageni wamepata kuucheza mchezo ule juu ya mashine yenyewe. Huko Cambridge, Uingereza, nako iko nyumba kama hiyo, na wageni huruhusiwa kugusa na kucheza. Hawakuridhika kuitazama mashine nyuma ya kioo.

Tena wana sababu. Chukua mfano wa bunduki ya kuchezea, iliyouzwa pamoja na mashine za kaseti. Mtoto akivuta kifyatulio, bunduki haitoi kitu. Bali yapokea nuru itokayo katika kioo, na kwa nuru hiyo mashine hujua kama amelenga ndege au amekosa. Hesabu yake imefuata namna televisheni ya chogo inavyochora picha, mstari baada ya mstari, upesi sana. Uiunganishe na televisheni bapa ya siku hizi, haitapata ndege hata mmoja. Kwa hiyo mashine na kioo chake ni kama kinu na mchi. Ukitupa kimoja, cha pili hakitwangi. Na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Laiti mngemwona kijana wa bandani akifungua kisanduku kwa bisibisi, akipangusa jicho lisomalo diski, akiunga waya uliokatika kwa risasi ya moto! Kazi ile ni elimu, wala hakuna aliyemlipia ada ili ajifunze.

Shtaka la pili lasema: Gemu zaiba wakati. Hili ni kweli, wala sitalipinga. Shirika la Afya Ulimwenguni lenyewe, katika mwaka wa 2019, lilikubali kuuandika utumwa wa gemu katika orodha ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika mwaka wa 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, tena huendelea ijapokuwa aona madhara. Lakini na tuulize, ni mchezo upi umfungao mtoto upesi zaidi? Mchezo wa bandani una mwisho. Dakika za mpira zikiisha, umekwisha. Sarafu ikiisha, umekwisha. Wenzake wangoja zamu nyuma yake, na mwenye banda hufunga mlango usiku. Simu haina mlango. Yamfuata mtoto hata chini ya blanketi, na michezo mingi iliyomo imetungwa makusudi isiwe na mwisho: leo yampa zawadi ndogo ili arudi kesho, na kesho yamwambia atoe fedha ili asingoje.

Wako watakaosema, Michezo ile ile ya zamani imo sasa katika simu, bure. Banda la nini? Ni kweli imo, kwa programu ziigazo mashine za kale. Lakini mtoto wa simu acheza peke yake, amejikunja pembeni, na katikati ya mchezo tangazo humrukia usoni, pengine la kumwita kubeti. Kisanduku cha zamani hakijui jina lake wala hakimwuzii kitu. Waya wake mfupi wamlazimu kuketi bega kwa bega na mwenzake, kungoja zamu, na kushindwa mbele ya watu bila kununa. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda hiki twakitia mafuta kila siku na kukiita maendeleo.

Shtaka la tatu lasema: Ni kamari. Hapa yapasa kupambanua. Sarafu ya bandani ni kodi, kama mtu akodishavyo baiskeli; na ashindaye ashinda kwa jicho na kidole. Wavulana wakiwekeana fedha juu ya mchezo, hiyo ni kamari, nami nasimama upande wa wazee kuikemea. Lakini mbona wazee hao hao hupita mbele ya madubwi na kunyamaza? Dubwi ni mashine imezayo sarafu na kuzungusha picha. Ujuzi wa mchezaji haufai kitu, maana hesabu yake imepangwa ndani ili mwisho wa siku faida iwe ya mwenye mashine. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imetungwa ili mambo haya yasimamiwe, na mtoto asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza. Hata hivyo mtoto aliyetumwa chumvi aitumbukiza chenji humo, arudi nyumbani na machozi. Nitasema ninavyofikiri kuwa ndiyo sababu ya kunyamaza kwetu. Pengine duka lenye dubwi barazani ni la Mkristo mwenzetu, naye hutoa sadaka nzuri siku ya mavuno. Mwenye banda ni kijana maskini asiyekuwa na kiti cha mbele kanisani, na kumpiga yeye ni rahisi.

Tena baba akemeaye gemu, jioni aketi kivulini akipanga mkeka wake katika simu, akibashiri timu za Ulaya kwa fedha ya alizeti iliyolimwa na mkewe na watoto. Na mama, ili apate kupika kwa utulivu, humpa mtoto mchanga simu aishike. Banda twaliona kwa sababu liko njiani na lina kelele. Simu hatuioni kwa sababu imo mikononi mwetu.

Litazameni bao. Lina mashimo 32 na kete 64, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda. Hakuna asemaye kwamba bao ni dhambi wazee wanapolicheza chini ya mti. Lakini mtu akicheza toka asubuhi hata jioni, magugu yakasonga shamba lake, twamwonya mtu yule, hatuuchomi ubao. Kwa nini basi haki tunayoupa ubao wa mti tusikipe kisanduku cha plastiki?

Walakini liko shtaka moja la kweli ambalo sijamsikia mtu akilitaja. Nabii Zekaria, alipoagua habari za Yerusalemu itakayorudishwa, aliona njia za mji zimejaa watoto wachezao, wavulana na wasichana pia. Ingieni bandani mhesabu wasichana. Hamna! Wako kisimani, wako kwenye kuni, wako jikoni. Kaka yake agombana na pedi, naye agombana na ndoo. Kama twataka kulia juu ya mchezo, na tulie kwanza kwamba nusu ya watoto wetu hawana saa hata moja ya kucheza kitu cho chote.

Nashauri hivi. Kwanza, serikali ya kijiji na mwenye banda wapatane, lifungwe saa za masomo na saa za ibada, lifungwe tena mapema usiku, fedha zisiwekwe juu ya mchezo, na michezo ya kumwaga damu wasionyeshwe wadogo. Pili, dubwi likionekana likimeza fedha za watoto, lipelekwe mbele ya wenye mamlaka, hata likiwa barazani kwa mzee wa kanisa. Tatu, simu zote za nyumba zilale juu ya rafu usiku, na ya baba iwe ya kwanza kupanda huko. Nne, vijana wa usharika watafute kisanduku kimoja cha zamani na televisheni moja ya chogo, waviweke barazani Jumamosi, na bao kando yake, zamu ya mvulana na zamu ya msichana. Na kikiharibika, wote wawili wafundishwe kukifungua na kukitengeneza.

Ninajua watu watasema mwalimu huyu atetea upuuzi. Na waseme. Ila namwomba kila aliyenoa shoka lake kwenda bandani, kabla hajatoka nyumbani, atie mkono mfukoni atazame kilichomo, kisha aulize mwanawe alikishika saa ngapi jana usiku. Mwenye jibu jingine na aandike katika gazeti hili, nami nitamsoma kwa moyo mweupe.