PS5, Xbox ama Switch? Hii Vita Yenu Inaishia Wapi Ukifika Sericho?

Wasee, hii story ya konsoli gani ndio kali imetuchosha. Kila siku ni zile zile. Fan wa PlayStation anamcheka wa Xbox, wa Xbox anapiga hesabu za Game Pass, na yule mmoja wa Nintendo amekaa kando na Mario wake, hataki kusumbuliwa na mtu. Mnahesabu fremu kwa sekunde kama mnalipwa.

Mimi leo sitaki kujua gani iko na picha safi. Nataka uniambie kitu kimoja tu: hiyo mashine yako, waliitengenezea nani? Juu ukijua jibu la hilo swali, utajua pia ni nani aliachwa nje ya mlango.

Ndio tuelewane, twende Sericho.

Kama hujawahi kuisikia, Sericho iko Isiolo Kusini, huko Garba Tulla. Unatoka Isiolo mjini, unaelekea mashariki, unapita upande wa Garba Tulla na kuzidi kusonga hadi karibu na kinamasi cha Lorian, mahali mto Ewaso Nyiro unaenda kumezwa na ardhi. Wengi huko ni Waborana, na maisha ni mifugo. Sasa kumbuka ule ukame wa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua ilikataa mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kijana ambaye mbuzi za babake ziliishia hapo hana choice, lazima afikirie hasla ingine. Boda, kinyozi, duka la M-Pesa, ama base ya gemu.

Tuseme huyo kijana ni wewe. Umeuza mbuzi chache zilizobaki, umepata chumba cha mabati, na unataka kuweka TV na konsoli moja. Mechi moja ni mbao. Utanunua gani?

Hesabu kwanza, mahaba baadaye

Niliacha college nikiwa sijamaliza, na kabla nianze kuandika hizi story nilikaa miezi kadhaa nikichunga base ya gemu ya msee fulani. Hapo nilijifunza hesabu kuliko darasani. Ukweli wa kwanza wa base ni huu: mteja halipii picha. Analipia kumchapa beshte yake mbele ya watu.

PS5 ya kawaida, Agosti 2025, bei yake Marekani ilifika dola 549.99. Hiyo ni kama 71,000 za Kenya kabla ya usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. PS4 ya mtumba, tuseme umeipata kwa 25,000. Mechi ya dakika 15 kwa mbao, ukicheza mechi 20 kwa siku, unaingiza 400. PS4 inarudisha pesa yake kwa siku 63 hivi. PS5 inahitaji siku 178, karibu nusu mwaka, na hapo bado hujanunua gemu hata moja.

Halafu kuna stima, na hapa ndio watu wa Nairobi hawafikirii. Isiolo ni moja ya kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa serikali wa KOSAP, ule wa kupeleka sola mahali nyaya za stima hazijafika. Kwa hivyo tuseme base yako inaendeshwa na sola. PS4 Slim inakula wati 80 hivi ikicheza, TV tuipatie 40. Kwa saa 5 hiyo ni wati-saa 600. PS5 inakula kama wati 200, na TV ile ile, inakuwa wati-saa 1,200.

Betri ya volti 12 ya ampea 100 inabeba 1,200 kwa karatasi. Lakini kama ni zile za kawaida za maji, ukizinyonya zaidi ya nusu kila siku unaziua mapema. Kwa hivyo cha kutumia ni 600. Umeona? PS4 inatosha betri moja bila makosa. PS5 inataka mbili, na paneli za kuzijaza. Yaani hiyo mashine hujaguza pedi na tayari imekuitisha pesa mara mbili.

Kila mashine iko na mtu wake

Hii si bahati mbaya. Kampuni zinajua zinauzia nani.

Sony wanalenga yule msee wa TV kubwa, mwenye mshahara, anayetaka gemu zinazokaa kama movie. Microsoft wanalenga mtu wa intaneti ya haraka, mwenye kadi ya benki inayokatwa kila mwezi. Game Pass Ultimate ilipanda Oktoba 2025 kutoka dola 19.99 hadi 29.99. Hiyo ilikuwa karibu 3,900 kwa mwezi. Base ya Sericho inaweza kulipa kodi ya chumba na hizo pesa.

Nintendo ndio wajanja wa tofauti. Mwaka wa 2006 walitoa Wii kwa dola 250, ikiwa na nguvu kidogo kuliko PS3 na Xbox 360, na wakaenda kutafuta watu ambao hawakuwa wanacheza: mathe, watoto, mpaka wazee. Waliuza zaidi ya milioni 100. Switch ya 2017 nayo imepita milioni 150.

Na kitu cha kuchekesha ni hiki. Ukiangalia mwili wa mashine peke yake, Switch ndio ilizaliwa kwa ajili ya Sericho. Iko na betri yake, ikiwa kwa TV haifiki wati 20, na gemu inaingia kama kadi ndogo ambayo vumbi haiwezi kuikwaruza. Stima ikipotea, mechi inaendelea.

Shida ni kwamba mwili si roho. Base ya Kenya inaishi kwa mpira. Na kutoka FIFA 20 hadi FIFA 23, Switch ilikuwa inapewa toleo la Legacy, yaani gemu ya zamani iliyobadilishwa majina ya wachezaji na jezi. Walioitengeneza hawakuwahi kuota kijana wa kaskazini mwa Kenya akichaji mbao kwa mechi. Walikuwa wanamwona mtoto wa Tokyo ndani ya treni.

Ile siku ya 2013

Sasa nikupe story ambayo kila mtu anayebishana kuhusu konsoli anafaa kuijua.

2013, Microsoft walikuwa wanaleta Xbox One. Wakasema mashine itahitaji kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, la sivyo hauchezi. Na CD ulizonunua, kuuza ama kupeana kungekuwa na masharti. Watu wakawaka. Don Mattrick, aliyekuwa mkubwa wa Xbox, akaulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya uhakika. Jibu lake lilikuwa kwamba watu hao wako na mashine yao tayari, inaitwa Xbox 360.

Soma hiyo tena polepole. Hakutukana mtu. Alisema tu, kwa roho safi, huyu mteja si wetu.

Sony wakachukua nafasi. Wakatoa kavideo kafupi ka kuonyesha venye unampatia beshte gemu ya PS4: unachukua CD, unamkabidhi, basi. Na bei wakaweka dola 399, Xbox ikiwa 499. Microsoft wakarudi nyuma mwezi ule ule wa Juni na kufuta hayo masharti, lakini maji yalikuwa yashamwagika. PS4 iliishia kuuza zaidi ya milioni 117.

Mashabiki wa PlayStation wanapenda hii story. Lakini tulia, haijaisha. Novemba 2024, Sony wale wale wakatoa PS5 Pro ya dola 699, na haina mahali pa CD. Unataka, unanunua kisomeo kando. Xbox Series S haijawahi kuwa nacho tangu itoke 2020. Na Switch 2, iliyotoka Juni 2025, baadhi ya kadi zake hazina gemu ndani. Ni kama funguo tu, gemu yenyewe unaishusha kwa intaneti.

Kile Microsoft walitaka kufanya kwa nguvu 2013, wote watatu wanakifanya polepole. Na hakuna mtu anapiga kelele.

Kwa nini hii ikuume wewe

Utauliza, kwani CD ni nini? Si tushushe tu?

Fikiria vitu hufika Sericho kwa njia gani. Kijana wa London anachoka na PS4 yake. Anaiuza. Inaingia Nairobi, inakaa kwa kioo cha duka Luthuli Avenue. Msee wa Isiolo anaichukua. Baadaye anapata ingine, na ile ya zamani inapanda gari kwenda ndani zaidi. Inafika na pedi mbili, moja imelegea, na CD tano zilizokwaruzwa. Hiyo njia ndio kampuni hazijawahi kuipanga, na ndiyo imetulea sisi wote. Hata PS2 ya kwanza uliyoona mtaani ilikuja hivyo.

CD inarithiwa. Akaunti hairithiwi. Mashine isiyo na mahali pa CD ikifika Sericho, inafika tupu. Gemu zimebaki kwa akaunti ya yule kijana wa London. Ili uijaze, unahitaji bando la kushusha, na Call of Duty siku hizi inapita GB 100. Halafu unahitaji duka la mtandaoni linalokutambua, na Kenya haiko kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network. Ndio maana unajifanya unaishi Marekani ndio ufungue akaunti. Mei 2024 tuliona matokeo yake: Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwa kompyuta waunganishe akaunti za PSN, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haiko. Sony wakaregeza kamba kwa hayo masharti baada ya kelele, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Na usiniambie bei itashuka tungoje. Zamani ilikuwa hivyo. PS2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000, ikafika 99 mwaka 2009, na mwishowe wakauza zaidi ya milioni 160. PS5 ilianza kwa 499 mwaka 2020. Miaka mitano baadaye imepanda badala ya kushuka.

Na simu je?

Najua mko na jibu. "Si siku hizi kila mtu anacheza kwa simu?" Kweli kabisa. Free Fire ya Garena, iliyotoka 2017, ilitengenezwa iwake hata kwa simu ya bei ya chini yenye memori ndogo. Mwaka wa 2019 ndio gemu ya simu iliyoshushwa na watu wengi zaidi duniani. Hakuna uchawi hapo. Ni kampuni iliangalia mtu ambaye wengine wamemruka, na ikamuuliza yuko na nini mfukoni.

Lakini simu haimpi mtu kazi. Watu kumi wakicheza Free Fire, kila mtu yuko kona yake, na pesa ikitoka inaenda kwa bando na kwa Garena. Watu kumi wakiwa kwa base, mbao zinabaki kijijini. Kuna benchi, kuna kelele, kuna mshindi anayekaa na mshinde anayetoka. Adhana ikisikika pedi zinawekwa chini, wanaenda kuswali, wanarudi kumalizia kipindi cha pili. Na kijana ambaye hana mbuzi wa kuchunga ako mahali anajulikana.

Kwa hivyo nikurudishe kwa chumba chako cha mabati. Leo, nunua PS4 yenye mahali pa CD. FC 26, iliyotoka Septemba 2025, bado ilikuwa na toleo la PS4, kwa hivyo hujachelewa. Lakini jua mashine huzimwa kwa mbali. FIFA ya mwisho ya PS2 ilikuwa FIFA 14. Ya PS3 ilikuwa FIFA 19. Siku EA watatoa FC bila kutaja PS4, base yako itaanza kuzeeka, na nyuma yake hakuna mtumba mwingine uko njiani wenye CD za kutosha.

Wewe uko Umoja ama Roysambu na waifai yako, ukibishana nani ameshinda, PS5 au Xbox. Endelea, ni haki yako. Lakini siku ukienda dukani na kuna mbili, yenye mahali pa CD na isiyo nayo, na tofauti ni pesa kidogo, chukua yenye nayo. Ukimalizana nayo, kuna kijana huko mbele anaingoja.