Mjomba Si Ami: Anko Ni Nani?

Katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba na Mombasa, mtoto anayeanza kusema hufundishwa maneno mawili ya kuwaitia watu wazima wote wasiokuwa wazazi wake: anko na anti. Ndugu wa baba ni anko. Ndugu wa mama ni anko. Mume wa shangazi ni anko, jirani ni anko, na dereva wa gari la skuli naye ni anko. Wazazi hufurahi, wakadhani mtoto ameshika adabu na ustaarabu kwa pamoja. Alichoshika ni kapu moja lililotiwa samaki, kuni na vikombe vya chai.

Kiswahili cha mwambao hakikuwa na uvivu huo. Ndugu wa kiume wa baba ni ami, au baba mkubwa na baba mdogo kwa kadiri ya umri wake mbele ya baba. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Dada wa baba ni shangazi. Dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo, na kuitwa mama hakukuwa heshima tupu, kwani mtoto alikula kwake, akalala kwake na akachapwa kwake. Kaka na dada walikuwa na neno umbu, ambalo kila mmoja alimwita nduguye wa jinsia nyengine. Sasa limekimbilia katika ushairi, na huko nako lahitaji kufafanuliwa.

Atakayesema kwamba hayo ni mapambo ya lugha tu, na aende mbele ya kadhi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, ami aweza kuwa walii wa kumwozesha binti wa nduguye wanapokosekana wanaomtangulia, kama vile baba, babu mzaa baba na kaka. Mjomba hana nafasi hiyo, ajapokuwa ndiye aliyemlea binti huyo tangu uyatima wake. Katika mirathi vilevile, ami ni miongoni mwa asaba, naye mjomba yumo katika dhawil-arham, na mlango wake ni mwembamba zaidi. Anko hana mlango wowote. Kijana aliyekulia kwenye anko hulazimika, siku ya harusi ya dada yake, kumuuliza mama yake pembeni: huyu hasa ni nani wetu?

Hoja inayopendwa na watetezi wa anko ni kwamba lugha huazima, na kwamba ami lenyewe ni la Kiarabu. Ni kweli. Lakini ami liliingia na maana yake kamili, ndugu wa baba, likaukuta ukoo uliopangwa nalo likakaa mahali pake. Binamu ndilo lililoteleza: asili yake ni mwana wa ami, na leo huitwa hivyo hata mwana wa mjomba. Kuteleza kwa neno moja hakumpi mtu ruhusa ya kuyasukuma mengine yote.

Na anko lenyewe limetoka wapi? Waingereza wa kale walikuwa na eam kwa ndugu wa mama na fædera kwa ndugu wa baba. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno hayo yalianza kumezwa na neno la Kifaransa lililotokana na Kilatini avunculus, nalo maana yake ilikuwa ndugu wa mama peke yake. Wa baba aliitwa patruus. Basi Mswahili anayejivunia anko ameokota neno lililokuwa mjomba, likasahau ujomba wake safarini, akalileta nyumbani kumfukuzia mjomba aliyekamilika.

Kinachopotea zaidi ni mapenzi yaliyomo katika kuitana. Baba aliyempa mwanawe jina la babu yake haliiti jina hilo kwa ukali; humwita mtoto huyo baba, na kwa neno hilo marehemu hupata heshima na mtoto hupata utulivu. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na wa kike akamwita mke mwenza, wakagombana siku nzima juu ya babu aliyekaa barazani hana habari. Utani huo ndio skuli ya kwanza ya maneno. Ndani yake mtoto hujifunza fumbo, kijembe na jibu la haraka, vitu ambavyo baadaye mhariri wa ushairi huvitafuta kwa tochi. Hata kiambishi ki- kilikuwa na mapenzi yake: Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alizunguka dunia akiitwa Bi Kidude, na hakuna aliyemwona mdogo kwa ajili ya jina hilo.

Magharibi mwa Uganda, Watooro na Wanyoro na jirani zao humpa kila mtoto empaako, jina moja la mapenzi na heshima katika majina kumi na mawili ya jamii nzima, kama Akiiki, Atwooki na Amooti. Kumsalimu mtu bila ya kulitaja ni utovu wa adabu. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Kilichoitia hatarini zaidi ni kupungua kwa lugha inayoibeba.

Wapenzi nao hawakusalimika. Mfaransa humwita mpenzi wake kabichi, na ana raha yake. Kwa Wahindi na Wapakistani mtoto kipenzi ni kipande cha ini, na Mswahili, jirani yao wa ng'ambo ya bahari, alimketisha mpenzi papo hapo akamwita mkalia ini. Alikuwa na nyonda, muhibu, mahabubu, laazizi, tunu na mboni ya jicho. Watunzi wengi wa nyimbo wa leo wameziacha hazina hizo zote wakachukua bebi. Bebi ni mtoto mchanga. Bibi anayemwita mjukuu wake mume anajua kwamba anatania.