Msiwacheke madereva wa Atlanta

Jamani, kila theluji ikianguka kusini mwa Marekani, watu wa kaskazini huwacheka madereva wa huko. Mimi sicheki, na si kwa sababu sijawahi kuendesha kwenye theluji. Januari 28, 2014, Atlanta ilipata theluji kiduchu, haikufika hata sentimita 8. Ofisi na shule zikafunga mchana kwa pamoja, kila mtu akaingia barabarani. Magari ya kumwaga chumvi yakakwama kwenye foleni hiyo hiyo, lami ikaganda barafu. Watu walilala ndani ya magari, watoto shuleni. Hapo dereva kakosa nini? Kule Quebec, Kanada, wenye theluji yao, hawamwachii dereva ujuzi wake tu: sheria inamlazimisha kufunga matairi ya theluji kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Atlanta waulizwe wakubwa. Gavana Nathan Deal mwenyewe aliishia kuomba radhi.